Usingizi Umempaa: Kumlaza Mtoto Aliyechoka Kupita Kiasi

Saa mbili usiku. Mtoto wa miezi mitatu yuko macho tangu saa kumi na nusu jioni. Ameshanyonya, nepi ni kavu, mwili hauna homa, lakini analia huku amekakamaa, anajipinda mgongo na kulisukuma titi. Bibi anasema ni mchango. Jirani anasema hashibi, apewe uji. Mara nyingi wote wawili wamekosea: mtoto alitaka kulala saa mbili zilizopita, hakulazwa, na sasa usingizi umempaa.

Mtu mzima akichoka sana huanguka kitandani. Mtoto mchanga ni kinyume chake. Akipitiliza muda wake wa kukaa macho, mwili wake unamwaga kotisoli na adrenalini, homoni zilezile zinazotuamsha tunaposhtuka. Moyo unakwenda mbio, ngumi zinafumbwa, miguu inapiga hewani. Ndiyo maana kuna watoto wanaochangamka ghafla usiku, wanacheka na kurukaruka mapajani, na wazazi wanasema "huyu leo hana usingizi kabisa". Anao tele, umempita tu.

Saa ya ukutani husaidia kuliko kubahatisha. Kwa kawaida mtoto wa chini ya wiki sita huweza kukaa macho dakika 45 hadi saa moja, na humo umo kunyonya na kubadilishwa nepi. Wa miezi miwili au mitatu, saa moja hadi moja na nusu. Miezi minne hadi sita, saa moja na nusu hadi mbili na nusu. Kuanzia miezi saba, mbili na nusu hadi tatu, na akikaribia mwaka hufika tatu au nne. Watoto hutofautiana, kwa hiyo hesabu hizi zinakuambia uanze kumtazama lini. Dalili za mapema ni za kimya: anaacha kukutazama usoni, macho yanakodolea ukuta, mikono inapungua kucheza. Vitabu vya nje hupenda kutaja wekundu kwenye nyusi, jambo ambalo kwenye ngozi nyeusi halionekani kirahisi; tazama macho. Kupiga miayo na kuvuta sikio huja baadaye kidogo. Kilio cha kukakamaa ni dalili ya mwisho kabisa.

Tuseme umeshachelewa, na kilio hicho ndicho unacho mikononi.

Anza kwa kupunguza. Zima televisheni, weka simu mbali, fifisha taa au ingia chumba chenye giza. Ndugu waliokuja kumwona watamwona kesho. Kosa kubwa katika nyumba zenye watu wengi ni mtoto kupita mikono kwa mikono: mama, shangazi, dada wa kazi, kisha mama tena, kila mmoja na mtikiso wake na manukato yake. Abaki na mtu mmoja. Huyo akichoka kweli, apokee mwingine, ila kwa zamu ndefu.

Kagua mambo madogo haraka: nepi, uzi uliojizungusha kidoleni, joto. Mguse kisogoni, pakiwa na jasho, mpunguzie nguo. Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa pili, nepi na fulana nyepesi vinatosha. Kama amekaa muda mrefu bila kunyonya, mnyonyeshe gizani. Aliyelia sana amemeza hewa, kwa hiyo msimamishe begani dakika tano hadi kumi ili abeue.

Mtoto mdogo ambaye bado hajajaribu kujigeuza husaidika kwa kufungwa kanga moja nyepesi, kwa sababu mikono yake humshtua mwenyewe kila anapotaka kusinzia. Ibane kifuani kiasi vidole vyako viwili viweze kupita, lakini nyonga na miguu viachwe vikunjike na kutanuka kama vya chura. Kunyoosha miguu na kuifunga pamoja huumiza maungio ya nyonga. Siku anapoanza kujaribu kujigeuza, mara nyingi kati ya miezi mitatu na minne, acha kumfunga.

Sasa tembea. Mshike kifua kwa kifua, kichwa umekiegemeza vizuri, utembee dakika tano kwa mwendo mmoja bila kusimama. Mwaka 2022 watafiti wa taasisi ya RIKEN ya Japani waliwapima watoto 21 mapigo ya moyo na kuona kwamba kutembea naye hivyo humtuliza anayelia, wakati kumpakata tu ukiwa umeketi hakumtulizi. Bibi zetu wenye mbeleko hawakuhitaji kuambiwa hilo. Mgongoni ni pazuri, ila asubiri hadi shingo ikaze. Kabla ya hapo abebwe mbele, uso ukionekana na pua ikiwa wazi.

Sauti nayo iwe moja. "Shhh" ndefu karibu na sikio, mwanzoni ya kutosha kusikika juu ya kilio, kisha ishuke kadiri anavyoshuka. Feni inafaa. Simu yenye sauti ya mvua ikae mita mbili kutoka kwake na isiwe kubwa.

Hapa ndipo wengi hushindwa: wanatembea dakika mbili, wanaona bado analia, wanakaa, wanampa titi, anakataa, wanamtikisa, wanawasha taa, wanamtoa nje akaone magari. Kila badiliko linamwamsha upya. Shika njia moja dakika kumi kamili kabla ya kuihukumu. Kilio cha uchovu hushuka kwa mawimbi, kinapanda tena kidogo, kisha kinakatika.

Akisinzia, usimlaze papo hapo. Keti naye dakika tano hadi nane. Watafiti walewale waliona kwamba aliyelala kwa muda mfupi mno kabla ya kulazwa ndiye huamka, na kwamba moyo hushtuka pale kifua chake kinapotengana na chako. Utajua yuko tayari ukiinua mkono wake nao ukaanguka wenyewe. Chandarua kiwe kimeshafunguliwa kabla hujainama. Inama ukiwa bado umemgandamiza kifuani, tanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa mwisho, na uache kiganja kifuani mwake dakika moja au mbili. Alale chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mto wala blanketi wala kanga iliyolegea karibu na uso. Usisinzie naye kwenye sofa, hata kwa dakika chache.

Akiamka baada ya dakika 40 hivi hujaharibu kitu. Huo ni mzunguko mmoja wa usingizi. Weka mkono, fanya "shhh", subiri kidogo kabla ya kumwinua.

Kuna usiku ambao kilio kitakuchemsha damu. Mlaze chali mahali salama, funga mlango, kaa nje dakika tano, unywe maji, umwite mtu. Kumtikisa mtoto kwa hasira, hata mara moja, kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo.

Uji kabla ya miezi sita hauleti usingizi, na dawa ya mafua inayosinziza inaweza kumpunguzia mtoto pumzi. Asali kabla ya mwaka mmoja ni hatari ya sumu ya bakteria. Jiko la mkaa lisiingie chumbani, hata Njombe wakati wa baridi. Na mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, au wa umri wowote mwenye utosi uliovimba, anayekataa kunyonya kabisa au kupumua kwa shida, hajachoka tu, anaumwa: nendeni hospitali usiku huohuo.

Kesho yake watu watakushauri umnyime usingizi wa mchana ili usiku alale fofofo. Usikubali, ndivyo jana ilivyoanza. Usingizi wa kwanza wa asubuhi mlaze mapema kwa dakika 15 hadi 20 kuliko kawaida, na jioni mlaze nusu saa mapema kuliko kawaida. Deni la usingizi huchukua siku mbili tatu kulipika, hivyo usiku wa pili unaweza bado kuwa na kilio, ila kifupi.