Kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, hesabu saa za mwanao

Sinza, hapa Dar es Salaam, tulikaa miaka saba. Vyumba viwili, sebule, na jiko dogo la kuenea mtu mmoja. Watoto wetu wote wawili walizaliwa tukiwa pale. Julai 2023 mwenye nyumba akatuita, akatueleza kwa heshima kwamba kodi inapanda kutoka 350,000 hadi 450,000 kwa mwezi, na anaitaka ya miezi sita kwa mkupuo. Milioni mbili na laki saba. Simlaumu. Sinza, kama Kijitonyama na Mikocheni, ilipimwa viwanja miaka ya 1970 na barabara zikachorwa kabla watu hawajajenga. Ndiyo maana hadi leo gari la wagonjwa linaweza kufika mlangoni kwako. Mahali pa namna hiyo, karibu na mjini, hapawezi kuwa rahisi.

Tukatafuta. Dalali akatupeleka Goba, pembezoni mwa jiji, Jumapili mchana, jua kali. Nyumba nzima ya vyumba vitatu, uzio, mwembe uani, upepo unapita sebuleni. Kodi 250,000. Watoto walianza kukimbia uani kabla hatujamaliza hata kuonyeshwa choo. Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama, tukalipa. Agosti tukahama.

Naandika haya kwa sababu wiki mbili zilizopita mdogo wangu, anayetarajia mtoto wa kwanza, ameniambia amepata nyumba "kubwa na ya bei poa" na anataka kulipa haraka kabla haijachukuliwa. Nilimwomba asubiri. Nilimpa hesabu ambayo sisi hatukuifanya, na nawapa na ninyi.

Kwa kuhamia Goba tuliokoa 200,000 kila mwezi. Lakini kutoka nyumbani hadi barabarani ilikuwa bodaboda, 2,000 asubuhi na 2,000 jioni. Kwa siku 22 za kazi hiyo ni 88,000, na hapo ni mimi peke yangu. Watoto hatukuwahamisha shule, kwa hiyo basi la shule likawa 80,000 kwa kila mmoja, yaani 160,000. Maji ya bomba yalikuwa hayajafika mtaani kwetu, tukawa tunanunua boza moja kwa mwezi kwa 70,000. Jumla 318,000. Nyumba ya bei poa ilikuwa inatugharimu 118,000 zaidi ya ile tuliyoikimbia, na hapo sijaweka nauli za mume wangu.

Hata hivyo, si fedha iliyoniumiza. Basi la shule lilipita saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu dereva alikuwa na watoto wa kuwachukua Goba, Makongo na kwingineko kabla ya kufika. Mwanangu wa darasa la pili aliamshwa saa kumi na nusu, akavalishwa sare macho yamefumba, akarudi saa kumi na mbili jioni. Mimi nilifika saa mbili usiku, nikamkuta amelala. Mwalimu wake alinipigia simu kuniambia kwamba mtoto anasinzia kila baada ya chai. Nikaahidi kumlaza mapema, ingawa hakukuwa na mapema iliyobaki. Halafu jioni moja dada wa kazi akaniambia, kwa sauti ya chini kana kwamba anaogopa kunikosea, kwamba viatu vya mtoto vimembana na ana wiki tatu anachechemea. Wiki tatu. Mguu wa mwanangu ulikuwa umekua, mimi sijui, kwa sababu nilikuwa namwona akiwa ndani ya chandarua tu.

Usiku ule nilianza kuandika saa kwenye daftari badala ya shilingi: nani anaamka saa ngapi, anatoka saa ngapi, anafika saa ngapi, anarudi saa ngapi, na sisi wanne tunakuwa macho pamoja kwa muda gani. Siku za kazi ilikuwa dakika sifuri. Hakuna mwembe unaofidia hilo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mwenye familia Dar es Salaam ni huu: chagua barabara kabla ya kuchagua mtaa. Mji huu ulianzia bandarini ukatanuka kufuata barabara chache kubwa: ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere inayokwenda uwanja wa ndege na Pugu, na ya Kilwa inayoshuka Mbagala. Asubuhi barabara hizo zote zinamwaga watu kuelekea Posta na Kariakoo, katikati ya mji, jioni zinawarudisha. Kusonga mbele na nyuma kwenye barabara yako unaweza. Kinachokumaliza ni kuhama kutoka barabara moja kwenda nyingine, kwa kupitia barabara ya Mandela au ya Sam Nujoma, saa ambayo kila mtu anahama. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani hapa, milioni moja zaidi ya ile ya 2012, na njia za kukatiza hazikuongezeka kwa kasi hiyo.

Mimi nafanya kazi Posta. Mume wangu yuko kiwandani Vingunguti, barabara ya Nyerere. Shule ilikuwa Sinza. Goba haikuwa kwenye njia ya yeyote kati yetu. Tungekaa na kuchora sehemu hizo tatu kwenye karatasi, hata kwa mkono, tungeona wenyewe kwamba jibu lilikuwa upande wa Tabata. Aliye na kazi Kivukoni na shule ya watoto Kimara, tangu mabasi ya mwendokasi yaanze 2016 ana sababu nzuri ya kukaa Kimara. Mwenye kazi na shule zote Kigamboni akae Kigamboni kwa raha, ila akiwa anavuka kila siku, aiweke tozo ya daraja au muda wa kusubiri kivuko kwenye hesabu yake kama sehemu ya kodi. Mtaa mbaya kwangu unaweza kuwa bora kabisa kwako. Goba wapo watu wanaoishi vizuri sana, na shule na biashara zao zipo huko huko.

Jambo la pili ni maji, na hapa nina maana ya maji ya aina mbili.

Ya kwanza ni ya mvua. Mvua za El Nino zilipoanza mwishoni mwa 2023, barabara yetu ya mteremko ikageuka mfereji. Bodaboda walikataa kushuka. Nilivua viatu nikapanda kilima kwenye udongo mwekundu, nikamsubiri mume wangu barabarani na ndoo ya kunawia miguu. Na sisi tulikuwa kilimani. Waliokuwa mabondeni waliingiliwa na maji ndani. Msiione nyumba ya bondeni wakati wa kiangazi mkaiamini. Tazama ukuta kwa nje, mstari wa tope haufutiki vizuri hata ukipakwa rangi. Tazama kama kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa matofali, kama soketi za umeme zimewekwa juu kupita kawaida, kama kuna viroba vya mchanga nyuma ya nyumba. Mwenye nyumba anaweza kukuambia maji hayafiki, lakini soketi iliyopandishwa hadi kifuani imeshakujibu.

Kuna na suala la kubomolewa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi za bonde la Msimbazi zilihamishiwa Mabwepande, na mwaka 2017 nyumba nyingi za Kimara hadi Mbezi zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Mpangaji haulizwi siku hiyo. Kodi uliyolipa mbele utaidai kwa mtu ambaye naye anatafuta pa kulala. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa, msalimie mwenyekiti, muulize kama nyumba ile imo ndani ya hifadhi ya barabara au ya mto. Kuuliza hakugharimu kitu.

Maji ya pili ni ya bomba. Sehemu kubwa ya maji ya jiji inatoka Mto Ruvu, na mto ukipungua, kama ulivyopungua Oktoba 2022, mgawo unaanza. Kwa hiyo usiulize "maji yapo?" Kila mtu atakuambia yapo. Uliza yanatoka siku gani, saa ngapi, kwa nguvu ya kupanda kwenye tangi au hayapandi, na kama kuna kisima, onja. Visima vingi vya mji huu vina chumvi. Sabuni haitoi povu na mtoto mchanga humwogeshi kwa amani.

Anayejua majibu haya si dalali. Ni mama wa genge. Tulipoamua kuhama Goba na kutafuta nyumba Tabata, Aprili 2024, nilikwenda peke yangu, siku ya mvua, kwa makusudi. Nikanunua nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umehamia?"

"Bado, naangalia ile nyumba ya geti la bluu."

Akaniangalia miguu, akaona tope limeishia kwenye soli. "Pale hapafuriki. Maji ya bomba Jumanne na Ijumaa, usiku wa saa sita. Utaamka?"

Nikamwambia nitaamka. "Basi njoo tena Jumamosi usiku usikilize ile baa, ndipo uamue."

Nilirudi Jumamosi saa nne usiku na mume wangu. Baa ilikuwa na muziki kweli, ila chumba cha watoto kilikuwa upande wa pili, nasi tukasimama mle ndani na mwenye nyumba, taa zimezimwa, tukisikiliza. Alituona watu wa ajabu kidogo. Lakini ni bora mwenye nyumba akushangae usiku mmoja kuliko mtoto akose usingizi mwaka mzima.

Jumatatu alfajiri nikarudi tena, safari hii kutazama watoto wanavyokwenda shule. Hili nawasihi mlifanye. Simama kituoni uone kama makondakta wanawapakia wanafunzi au wanawaacha kwa sababu nauli yao ni 200. Uone kama kuna barabara kubwa ya kuvuka. Upande wa Tabata kuna Mandela, na malori ya bandarini hayapungui pale, kwa hiyo shule ya ng'ambo ya pili tuliifuta hata kabla ya kuuliza ada. Tulichagua ya upande wetu, ya kawaida, darasa lina watoto wengi kuliko nilivyopenda. Ndugu walisema tumemshusha mtoto. Mimi nawajibu kwamba mtoto aliyelala kwa muda wa saa kumi anasoma vizuri zaidi kwenye darasa lililojaa kuliko mtoto anayesinzia kwenye darasa la watoto 20.

Nyumba yenyewe ni ndogo kuliko ya Goba. Vyumba viwili, 320,000, uani tunashirikiana na wapangaji wengine wawili. Luku ya umeme kila mtu na yake, hilo nalo hakikisheni, maana mita ya pamoja imevunja ujirani mwingi kuliko kuku na watoto. Uani huo wa pamoja, ambao niliuogopa, ndio umenipa mama jirani anayempokea mwanangu mdogo nikichelewa, nami nampokelea wa kwake. Kwenye uzio wetu wa Goba sikuwahi kujua jina la mtoto wa nyumba ya pili.

Najua wengi wenu mmejenga, au mna kiwanja mahali, na kila shilingi ya kodi inawauma. Sisi pia tuna kiwanja Chanika, msingi umeshapandishwa. Hatuhamii bado. Tumekubaliana kusubiri mwanetu mdogo amalize shule ya msingi, ili asiwe yeye wa kulipia nyumba yetu kwa usingizi wake.

Kwenye mkataba, omba miezi mitatu badala ya sita. Wengi watakataa. Mwenye nyumba wetu naye alikataa, tukarudi tukamwambia ukweli wote, habari ya Goba, ya basi la alfajiri na ya viatu, kwamba tunataka kukaa muda mrefu lakini tunahitaji kuujua mtaa kwanza. Akakaa kimya, akauliza mtoto yuko darasa la ngapi. Kisha akaandika miezi mitatu kwa kalamu juu ya ile sita iliyochapwa, tukasaini wote pembeni mbele ya mjumbe wa mtaa.