Litamke kwanza, ndipo ulisajili

Kati ya mwaka 2009 na 2013 nilikuwa na saiba, yaani duka la intaneti, hapa Busia, upande wetu wa Uganda: kompyuta sita, feni moja, na jenereta iliyokuwa inanuna kila ikifika saa nane mchana. Wateja wengi hawakuja kuperuzi. Walikuja kufunguliwa barua pepe kwa sababu kuna fomu mahali imeidai, nami nilitoza shilingi 1,000. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika kumi, na nane kati ya hizo tulizimalizia kwenye jina.

Nikiuliza, "Tukuite nani?" mtu mzima, dereva wa lori mwenye wajukuu, anaanza kutazama dari. Jina lake halisi lishachukuliwa na mwingine. Tunajaribu kuongeza 256, ile namba ya nchi, nalo limechukuliwa. Hapo ndipo vituko vilipoanza.

Kijana mmoja wa kubadilisha fedha mpakani, shabiki wa Arsenal wa kufa na kuzikwa, mwaka 2011 alinifanya nimwandikie vanpersie_busia. Nilimwonya? Hapana, nilimsifu. Agosti 2012 Robin van Persie akahamia Manchester United, na kesho yake kijana alikuwa mlangoni kabla sijafungua kufuli. "Kaka, nifutie hilo jina." Nikamweleza kwamba anwani ya barua pepe haibadilishwi kama shati, labda tufungue nyingine. Tukafungua. Lakini ile ya zamani alikuwa ameshaijaza kwenye fomu za chuo na za kazi, na akawapa wateja wake wa Mombasa. Mwaka mzima alikuwa anakuja kwangu kufungua sanduku la Van Persie kwa uso wa mtu anayekwenda kulipa faini. Kama lazima ujiite mpira, jiite timu. Mchezaji ana mkataba, na mkataba una mwisho.

Watooro na Wanyoro, makabila ya magharibi mwa Uganda, walinipa shida ya namna nyingine, shida tamu. Wao wana empaako, jina la heshima na mapenzi ambalo mtu husalimiwa nalo: Amooti, Akiiki, Abwooli, Ateenyi, Adyeeri na mengineyo. Yote kwa jumla ni 12 tu, na mwaka 2013 UNESCO iliuweka utamaduni huo kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sasa gawanya majina 12 kwa watu wote wa Fort Portal na Hoima, uone kama "amooti" litakusubiri. Mmoja aliona ujanja ni kuchukua Okaali. Mwenzake aliyekaa kompyuta ya pili akacheka mpaka akakohoa: hilo huachiwa mfalme. Tukaishia kuunganisha empaako na mji wake, jina zuri, mpaka leo nalikumbuka.

Kuna na suala la urefu. Kwenye X, ile Twitter ya zamani, jina la akaunti halizidi herufi 15. Tuseme unaitwa Tumwesigye Byaruhanga. Ukiandika moja kwa moja inakatika kwenye TumwesigyeByaru, na kwa kuwa Byaruhanga maana yake ni mambo ya Ruhanga, yaani ya Mungu, umemwacha Mungu nje ya mlango. Fupisha mwenyewe mapema, usingoje mashine ikufupishie.

Mwaka wa kuzaliwa usiuweke. Sina hadithi ndefu hapa. Niliona kwa macho yangu watu wakiandika mwaka huo kwenye jina, kisha wakautumia huohuo kama neno la siri, mbele yangu, mtu wasiyemjua.

Na usidhani jina la kupanga ni shuka la kujifunika. Laini ya simu umeisajili kwa kitambulisho cha taifa. Nilishanunua spika kwa muuzaji aliyejiita Don wa Mpaka. Nilipotaka kumtumia pesa kwa simu, kabla sijathibitisha, likatokea jina lake alilobatizwa, refu, la kipole, la mtu wa kwaya. Hofu yangu kwake ikapungua, naye akanipunguzia bei.

Mimi mwenyewe, mtaalamu wa kuwapa watu majina, nilijiponza. Nilitaka kaka_mkuu, likawa limechukuliwa, basi nikaongeza kistari cha pili cha chini, vikawa viwili vimeshikana. Kwenye skrini vilionekana kama kimoja kirefu. Nilijiona mjanja kweli. Halafu nikaomba nafasi ya mafunzo Kampala, karani akaniuliza anwani kwa simu, mtandao unakatakata, nikamwambia, "Kistari, halafu kistari." Akadhani najirudia. Barua ya kuniita ikaenda kwa kaka_mkuu mwenyewe, popote alipo, na mimi nikapata habari siku kumi na moja baadaye, darasa limeshajaa. Mama aliposikia hakunipa pole. Aliuliza, "Kwani jina tulilokupa lilikuwa na kasoro gani?"

Tangu hapo nina kipimo kimoja, na ndicho nitakachokupa. Kabla ya kusajili jina, mpigie simu shangazi au mtu yeyote asiyekaa mtandaoni, mtajie mara moja tu, usirudie, kisha mwambie akutumie alichoandika. Kikija sawa, lichukue. Kikija na herufi pungufu, tafuta jingine. Jua pia kwamba kwenye Gmail nukta hazihesabiwi, kwa hiyo zile unazozipanga kwa ustadi katikati ya jina hazikutofautishi na mtu yeyote.

Jina bora kuliko yote niliyowahi kuandika lilikuwa la mama mmoja muuza samaki. Alichoka na wanaume wanaomwandikia usiku, akaniambia, "Niandike Ssalongo." Nikashangaa, maana huyo ni baba wa mapacha. "Ndiyo," akasema, "nani atamtongoza baba wa mapacha?" Analitumia mpaka leo. Wateja wake wa mbali humwuliza kama mapacha hawajambo, naye huwajibu kwamba hawajambo, wako shuleni.