Orodha ya mbolea ya ruzuku ni siri ya nani?

SWALI: Shikamoo mzee. Nalima ekari mbili za mahindi Kilolo. Nilipokwenda kwa wakala kuchukua mbolea ya kukuzia, aliniambia namba yangu ya usajili inasoma nimeshachukua mifuko minne ya Urea. Sijachukua hata mmoja. Nilijiandikisha kwa simu ya jirani, yangu ilikuwa mbovu. Nimeomba ofisi ya kijiji inionyeshe orodha, nimejibiwa ni siri ya serikali. Ni kweli?
Mama wa watatu, Kilolo

JIBU: Marahaba mwanangu, kamwene. Si kweli, na neno hilo limeniuma.

Mwaka 2009, enzi za vocha za mbolea ya ruzuku, nilikuwa mjumbe wa kamati ya vocha kijijini kwetu Mbozi. Daftari lililetwa kwetu likiwa limeshajaa. Mbele ya jina la bibi mmoja tuliyemzika miezi mingi nyuma palikuwa na dole gumba la wino wa zambarau, pana, la mtu mzima mwenye nguvu zake. Tuliyasoma majina yote kwenye mkutano wa kijiji, moja baada ya jingine. Watu wakaanza kusimama: mimi sikupata, mimi sikupata. Msimu uliofuata tulibandika orodha kwenye mlango wa ofisi kabla mbolea haijafika, na malalamiko yakapungua sana.

Hizi ni fedha za umma. Rais Samia alipozindua ruzuku hii kwenye viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, Agosti 8, 2022, mfuko wa kilo 50 wa Urea uliokuwa zaidi ya shilingi 120,000 ulishushwa hadi 70,000. Tofauti hiyo inalipwa na serikali. Kwa bei za msimu ule, mifuko yako minne ni zaidi ya shilingi 200,000 zilizotoka kwa jina lako. Uambiwe ni siri kwako wewe mwenyewe?

Kuhusu majina ya wengine, namba za simu na za vitambulisho zifichwe, hilo nakubali. Lakini jina na idadi ya mifuko vibandikwe ukutani. Umoja wa Ulaya hutangaza majina ya wakulima wanaolipwa ruzuku pamoja na kiasi walichopata; wanaofichwa majina ni wadogo wasiozidi euro 1,250 kwa mwaka. Kwetu mifuko ya mkulima mdogo ndiyo inayoibwa, kwa hiyo mimi nasema tutajwe wote.

Jirani usimtuhumu bado. Mwombe kwa upole aangalie ujumbe wa mbolea kwenye simu yake, na kama kuna mtu aliyewahi kumwomba namba yako ya usajili. Kisha umwandikie mtendaji wa kijiji: jina lako, namba ya usajili, na ombi la kujua mifuko ilitoka siku gani na kwa wakala yupi. Taja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotaka ujibiwe ndani ya siku 30. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa, simama uulize mbele ya wote. Ukiona wanakuzungusha, piga 113, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Barua iwe nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa mbele yako, urudi nayo nyumbani.