Kuzaliwa Muheza Hakukukingi na Malaria

Msomaji mmoja wa Leicester, Uingereza, kaniandikia: "Dada, mwezi wa saba tunakwenda Tanga na watoto. Mume wangu anasema dawa za kuzuia malaria ni za Wazungu, sisi tumekua nayo. Ni kweli?"

Nikacheka, kisha nikanuna. Maneno hayo niliambiwa mimi, ukweni, mbele za watu.

Mimi ni wa Muheza, huko huko Tanga. Utotoni malaria kwetu ilikuwa kama mafua: unapewa klorokwini chungu, mwili unawasha usiku kucha, keshokutwa uko shule. Tulipokwenda nyumbani kutoka Hamburg nilibeba vyandarua vyenye dawa, mafuta ya kufukuza mbu na vidonge vya familia nzima. Shangazi yake mume wangu akauliza: mmekuja nyumbani au mmekuja mbugani? Baraza zima likaangua kicheko. Nikameza, pamoja na kidonge.

Lakini ile kinga ya utotoni hujengwa kwa kuambukizwa mara kwa mara. Ukikaa ughaibuni hupungua, haikusubiri urudi. Watoto waliozaliwa huko hawana kabisa. Hata klorokwini yenyewe, Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, vimelea vya malaria vilishaizoea.

Mume wangu alimeza doksisaiklini, kidonge chetu cha kuzuia malaria, kule nyumbani kwa sababu nilimsimamia. Tulipotua Hamburg akaacha. Mbu wamebaki Muheza, akasema. Wamebaki kweli, ila vimelea walivyokuachia hukaa kwanza kwenye ini, ndipo vinaingia kwenye damu. Ndiyo maana doksisaiklini huendelea wiki 4 baada ya kuondoka, na Malarone, kidonge kingine cha kuzuia malaria, siku 7.

Homa ikaja, meno yanagongana. Daktari wa kwanza akasema mafua, akatoa paracetamol. Hakuuliza tumetoka wapi! Usiku nikampeleka kwingine, nikataja malaria kabla ya kutaja jina la mgonjwa. Damu ikapimwa: falciparum, aina ile ya malaria inayoua. Akalazwa, akapona, alhamdulillahi. Mimi na watoto tuliomaliza dozi hatukuugua, na leo najisifu bila haya.

Sasa nisikilizeni, ndugu zangu. Tunabeba zawadi za ukoo mzima, mpaka viatu vya jirani, halafu chandarua cha mtoto kinakosa nafasi kwenye begi! Mbu wa malaria huuma tangu jua linapozama hadi alfajiri, saa zile zile za kupiga soga barazani. Vaeni mikono mirefu, jipakeni mafuta. Wakicheka, waacheni wacheke. Mezeni dawa, na mkisharudi endeleeni kumeza. Mnaona taabu ya nini? Wanaocheka hawatakuwapo mkilazwa Ulaya. Na homa yoyote ndani ya miezi 3 baada ya safari ihesabuni malaria mpaka kipimo kikatae. Daktari asipouliza, mwambieni. Asiposikia, mwambieni tena.

Mdogo wangu wa Leicester, usingoje wiki ya safari, nenda kliniki ya wasafiri mwezi mmoja na zaidi kabla. Watoto wapimwe uzito, dozi yao hupangwa kwa kilo, na doksisaiklini si ya watoto wadogo. Mwezi wa saba masika yamekwisha juzi tu, mbu bado wapo wa kutosha. Na huyo bwana anayesema amekua nayo, mnunulie dawa zake, umhesabie mwenyewe mpaka kidonge cha mwisho.