Maneno yasiyoshikana

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu ana miaka 23. Tangu mwezi uliopita mazungumzo yake hayashikiki, aanzia huku aishia kule. Mama asema ni maruhani, baba asema ni majani ya muguka anayotafuna. Nitajuaje kama fikra zake zimevurugika?
Dada mtu, Kisauni

JIBU: Marahaba. Usikimbilie kile anachosema. Sikiliza namna kinavyofuatana. Mtu aweza kudai kwamba majirani wamemtega, na adai kwa sentensi zilizonyooka. Hiyo ni imani potofu. Mwingine hataji la ajabu hata moja, ila viungo baina ya maneno yake vimelegea, na huo ndio mvurugiko wa fikra. Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi aliyebuni jina la ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia mwaka 1908, aliuweka ulegevu huo miongoni mwa dalili za msingi.

Muulize swali pana: "Jana ulishindaje?" Kisha nyamaza kama dakika 5. Maswali mafupi mfululizo humshika mkono, na kasoro haionekani. Andika maneno yake yenyewe. "Aongea ovyo" haimfai daktari kitu; "nilimuuliza kama alivuka Likoni, akajibu: feri ni chuma, chuma ni damu, damu wameifunga Nyali" inamfaa sana.

Halafu tazama: alirudi kwenye swali? Mzee anayepitia ukoo mzima wa jirani kabla ya kujibu si mgonjwa (Pwani wodi zisingetutosha). Wa kuangaliwa ni asiyerudi, au anayekatika katikati ya sentensi na asikumbuke alikuwa wapi, au mwenye maneno ya kubuni ambayo nyumbani hamna ayajuaye. Akivutwa na vina, "habari, bahari, hariri", maneno yakimtoka mbio na usingizi hautaki wala hachoki, tunafikiria mania kwanza, yaani ugonjwa wa kuchangamka kupita kiasi. Kuchanganya Kiswahili, Kidigo na Kiarabu si dalili. Wala msimpime kwa methali: anayejibu "haba na haba" kwa habari za kibaba cha mchele huenda hakufunzwa tu.

Baba naye hajakosea moja kwa moja. Kutafuna sana muguka na kukesha huweza kuleta shaka na maneno ya kasi, hivyo andika pia atafuna kiasi gani na alala saa ngapi.

Kwa kuwa ni mwezi sasa, mpelekeni kliniki ya akili wiki hii. Hospitali ya Port Reitz, hapo Mombasa, ina kitengo hicho. Kisomo cha maruhani kiendelee, mradi kisicheleweshe safari. Lakini kama mvurugiko ungeanza ghafla kwa saa au siku chache, ukipanda na kushuka, pamoja na homa au kutojua mchana na usiku, msingengoja hata kuche: malaria kali, homa ya uti wa mgongo na sukari kushuka huanza hivyo.

SWALI: Nimbishie anapopotea?

JIBU: La, wala usijifanye umeelewa. Mwambie, "Hapo sijakufuata, tulikuwa kwenye feri." Akitaja kujidhuru, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.