Mtandao una nafasi, mbona ujumbe unachelewa?

Swali: Ndugu mhandisi, mimi ni fundi katika kiwanda cha kubangua korosho mjini Mtwara. Kihisi kikiona punje mbovu kwenye mkanda hutuma ujumbe kwa kidhibiti, nacho hufungua hewa ya kuipeperusha. Ujumbe huo hautakiwi kuzidi milisekunde 5 njiani. Tangu tulipounganisha kamera za ulinzi kwenye swichi hiyohiyo (kifaa kinachounganisha kebo za mtandao), zikipitia kebo ileile kwenda chumba cha udhibiti, mara mojamoja hewa hupeperusha punje njema, ingawa matumizi ya mtandao hayazidi asilimia 20. Je, tununue swichi yenye kasi zaidi?

Jibu: Ndugu fundi, msinunue kwanza. Hiyo asilimia 20 ni wastani, na wastani hauusaidii ujumbe mmoja uliokuta foleni. Kamera hutuma picha kwa mafungu, na kamera kadhaa zikituma kwa pamoja, fremu zao, yaani vifurushi vya data, hulundikana kwenye swichi zikisubiri kebo hiyo moja. Fremu kubwa ya Ethernet (mtandao wa kebo kama wenu), pamoja na utangulizi wake na nafasi inayoachwa baada yake, ni baiti 1,538, ambazo kwenye kebo ya megabiti 100 kwa sekunde huchukua takriban milisekunde 0.123. Zikiwa mbele yako fremu 60, utasubiri milisekunde 7.4, mkanda uendao mita 1 kwa sekunde umekwisha kusogea milimita 7, na hewa inaipata punje ya jirani.

Kebo ya gigabiti ingepunguza kusubiri huko mara 10, ila foleni ingebaki bila mpaka, na kila kamera mpya ingeirefusha. Dawa ni kipaumbele. Kiwango cha 802.1Q, yaani kanuni za kimataifa za swichi za Ethernet, kina ngazi 8 za kipaumbele, kuanzia 0 hadi 7. Wekeni ujumbe wa vihisi kwenye ngazi ya juu, kamera zibaki 0, na swichi iamriwe kuimaliza foleni ya juu kabla ya kugusa ya chini, kwa kuwa swichi nyingine huzigawia foleni zamu. Fremu iliyokwisha kuanza kutumwa haikatizwi, kama kivuko cha Msangamkuu, ambacho kikishaondoka hata mwenye mgonjwa hukisubiri kirudi. Kwa hiyo hali mbaya kabisa ni fremu moja ya kamera, milisekunde 0.123, pamoja na ujumbe wa vihisi wenzake: vikiwa 7, kila kimoja na fremu ndogo ya baiti 84, vinaongeza milisekunde 0.047 tu. Mkimaliza, pimeni ujumbe uliochelewa kuliko wote katika zamu nzima ya kazi, kamera zote zikiwa zimewashwa.