Kabla ya Kuchagua Nyumba ya Wanasesere, Mpime Mwanasesere

Binti yangu alipotimiza miaka minne nilimnunulia nyumba ya wanasesere ya mbao iliyonipendeza mimi. Orofa tatu, paa la mteremko, dohani juu, na uso wote wa mbele ukifunguka kwa bawaba kama kabati. Nilipoishusha kwenye tuktuk huku Kisauni, Mombasa, majirani walitoka kuitazama. Wiki mbili baadaye ilikuwa imeegeshwa ukutani, na mtoto amerudi mkekani kwenye maboksi yake ya viatu.

Nilikaa nikamtazama anavyocheza, ndipo nikaelewa. Boksi la kiatu halina paa. Mkono unaingia kutoka juu, unatoka, unahamia chumba cha pili bila kugonga kitu. Ile nyumba ya orofa iliingilika upande mmoja tu: binamu yake akija, mmoja anacheza na mwingine anachungulia begani mwake mpaka wagombane. Na mwanasesere wake, yule mrefu mwenye nywele ndefu, hakuweza kusimama ndani. Alilazwa siku zote kama mgonjwa.

Baadaye nilisoma kwamba mtindo wa kabati ulitokana na nyumba za kutazamwa, si za kuchezewa. Mwaka 1558 Mtawala Albrecht wa Tano wa Bavaria, huko Ujerumani, alikuwa na nyumba ya namna hiyo ya kuonyesha fahari yake. Ile ya Malkia Mary wa Uingereza, iliyojengwa kati ya 1921 na 1924 na ambayo ipo kwenye kasri la Windsor hadi leo, ina umeme na mabomba yanayotoa maji, lakini haikutengenezwa ili mtoto aiburute sakafuni. Ni kazi nzuri mno. Ila mtoto wa miaka minne anataka mahali pa kutia mikono.

Kwa hiyo anza na mwanasesere, si nyumba. Wanasesere warefu wa kike waliojaa madukani wana takriban sentimita 29. Chumba chenye dari kikitaka wasimame, kiwe na sentimita 33 kwenda juu, na orofa tatu za hivyo zinapita mita moja: hapo nyumba lazima ifungwe ukutani isije ikamwangukia. Wale wadogo wa kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani waliopunguzwa mara kumi na mbili kuliko binadamu halisi, mtu mzima wao ni kama sentimita 15, na chumba cha sentimita 20 hadi 25 kinawatosha. Duka likikuonyesha nyumba, mtoe mwanasesere mkobani umsimamishe ndani pale pale.

Mimi nilikwenda kwa seremala mmoja wa Majengo. Kabla sijamaliza kueleza akaniuliza, "Mama, mtoto wa bandia mwenyewe yuko wapi?" Nikamtoa. Akamlaza juu ya meza yake yenye vumbi la mbao, akavuta futi: inchi kumi na moja na nusu. Halafu akakunja mkono wake kama wa mtoto aliyeshika kitu, akaupitisha hewani. "Milango tusiiwekee kizingiti cha juu," akasema. "Mkono utakwama."

Tukakubaliana nyumba ya Kiswahili kama zilizomzunguka yeye hapo mtaani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande mbili, uani nyuma kuna jiko. Chini tu, bila orofa, bila paa. Kuta za inchi nane kwenda juu. Kwa wanasesere wadogo vyumba sita vingeenea kwenye meza. Kwa wetu tulitosheka na vinne, na bado ni futi tatu kwa tatu na nusu. Lakini kwa kuwa ni fupi, inaingia chini ya kitanda. Sisi tunaoishi nyumba za kupanga, hilo si jambo dogo.

Watoto wanne sasa wanaizunguka, kila mmoja na upande wake. Nyanyake amekata vipande vya leso kuukuu kuwa mapazia. Mgeni akija haingii ndani mara moja: anaketishwa barazani kwanza, kwa sababu ndivyo binti yangu anavyoona watu wakifanya. Nyumba ya dohani hakuwahi kuichezea hivyo, na simlaumu, dohani hajapata kuiona.

Kuhusu mbao, hewa ya chumvi ya hapa Mombasa haina huruma. Ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, ni laini na bei yake nafuu, lakini ukingo ukinywa unyevu wa masika unavimba. Mimi nilichukua saiprasi iliyokauka vizuri na sakafu ya plaiwudi inayostahimili maji. Skrubu ziwe zisizoshika kutu. Bawaba za ile nyumba ya kwanza zilioza mwaka haujaisha. Pitisha kiganja kila ukingo kuhakikisha umepigwa msasa. Na kama nyumbani kuna mtoto chini ya miaka mitatu, vikombe na sahani za ukubwa wa punje ya korosho zisikaribie kabisa.

Rangi nilikuwa mkali zaidi. Watu wa Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, waliachiwa sumu ya risasi, madini ambayo huweza kuwamo hata kwenye rangi, na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na watoto ndio walioumia zaidi. Sitaki rangi ambayo kopo lake sijalisoma. Ukikosa rangi ya maji iliyoandikwa kwamba haina risasi, acha mbao ibaki mbao.

Ile ya orofa sikuitupa. Niliufungua uso wa mbele wote kwa bisibisi, kisha fundi akaukata ukuta wa nyuma na kuyafunga mapande mawili ya pembeni yasiyumbe. Sasa watoto wanaingia pande mbili, na wale wanasesere wafupi wa binamu yake wamehamia humo. Kama unayo ya namna hiyo imeegeshwa ukutani, anza na bawaba: ni kazi ya nusu saa.